Rangi ya Damu Katika Mwongozo wa Kusahihisha

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwanachuo aliyeitwa Mbona alisimama mbele ya Kidato cha Pili B akiwa na chaki mbili, moja nyekundu na moja ya bluu. Jina hilo alipewa na wenzake chuoni, kwa sababu kila somo la baiolojia alinyoosha mkono na kuanza na neno lilelile: mbona hivi, mbona vile. Mkufunzi wao, ambaye wanachuo walimwita Mzee Nukuu, alikuwa akimtazama kwa upole juu ya miwani na kumwambia, "Andika, binti yangu. Maswali utayakuta kwenye mtihani." Kisha aliendelea kuwasomea kutoka kwenye daftari lake, ambalo kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Chuo kilikuwa na maabara. Ndani mlikuwa na darubini sita, kila moja imevishwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake. Wakaguzi walipokuja zilivuliwa, zikaangaliwa kama bado ni sita, zikavishwa tena. Kulikuwa pia na moyo wa plastiki, lakini nusu yake ilikwenda kwenye semina na haikurudi, kwa hiyo wanachuo walijifunza nusu iliyobaki na kuambiwa kwamba nyingine haina tofauti kubwa. Kwa miaka miwili Mbona alifundishwa namna ya kufundisha baiolojia: namna ya kuandika andalio la somo, namna ya kugawa dakika arobaini, namna ya kusimama bila kuziba ubao. Kiumbe hai alikiona mara moja tu, konokono aliyeingia darasani kwa miguu yake siku ya mvua, na hata huyo mtunza maabara alimtoa nje kwa sababu hakuwa kwenye orodha.

Sasa alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki ya pili kati ya nane. Alikuwa amechora moyo ubaoni, upande mmoja kwa chaki nyekundu na mwingine kwa ya bluu, na wanafunzi hamsini na wanne kati ya sitini na mmoja walikuwa wakiunakili.

"Damu inayotoka mapafuni ni nyekundu," alisema, akifuata kitini. "Damu inayorudi moyoni kutoka mwilini ni ya bluu."

Kwenye dawati la mwisho kulikuwa na msichana mrefu, binti wa fundi baiskeli, ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata grisi. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimejikata mara nyingi kwenye karakana ya baba. Haijawahi kutoka ya bluu. Hiyo ya bluu inakaa wapi?"

Chuoni walikuwa wamefundishwa majibu matatu ya swali la namna hiyo. La kwanza: swali zuri, tutalifikia. La pili: nani atamsaidia mwenzetu? La tatu: hiyo ni kazi ya nyumbani. Mbona aliyapima yote matatu, yakamchosha. Akaweka chaki chini.

"Sijui," alisema. "Hebu tuangalie."

Hapo kifua chake kikawa angavu. Ilianza blauzi, ikafuata ngozi, kisha mbavu, taratibu, kama kioo cha dirisha kinapofutwa ukungu. Kutoka kwenye kola hadi ubavu wa mwisho hapakubaki kitu cha kuzuia macho. Mapafu yalionekana pande zote mbili, yakijaa na kupungua, na katikati yake moyo, umeinama kidogo, ukifanya kazi yake.

"Wa mbele kaeni chini," mtu alisema. "Sisi huku hatuoni."

Wa mbele wakakaa sakafuni. Mbona aliinamisha kichwa ajitazame, lakini kidevu kilimzuia, akauliza nani ana kioo. Msichana mmoja akampa kile cha ndani ya kifuniko cha kibweta chake. Akakielekeza kifuani, naye akaona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa amefanyia mtihani mara nne.

Binti wa fundi baiskeli alikuwa ameshafika mbele.

"Ni mrija upi unaorudisha damu?"

"Huu mpana, unaoshuka kutoka juu."

"Si wa bluu."

"Si wa bluu," Mbona alikubali. Alisogeza kioo ahakikishe. "Damu yake ni nyekundu. Imekoza tu, kama bitiruti. Hii nyingine, inayotoka mapafuni, imechangamka zaidi. Mnaona?"

Walikuwa wanaona. Wakauliza mbona moyo hauko kushoto kabisa kama walivyozoea kushika wakiimba wimbo wa shule, naye akasema hajui, huenda mkono ndio ulizoea kushoto. Wakauliza vile vijipazia vya ndani vinavyofunga na kufungua ni nini.

"Ni vali. Damu ikishapita hairudi nyuma."

"Kama ya tyubu!" binti wa fundi baiskeli alisema. "Hewa inaingia, haitoki. Kumbe ni ileile." Akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa mbali.

Mwenye saa alihesabu mapigo: sabini na nane kwa dakika. Wakamwomba mwalimu aruke mara kumi papo hapo alipo. Akaruka, yakawa mia moja na kumi na mbili. Wakamwomba afikirie chakula. Hapakuwa na badiliko lolote, wakaandika hivyo kwenye madaftari. Kengele ilipogonga, mbavu zilirudi, ngozi ikarudi, blauzi ikarudi na vifungo vyake vyote. Mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake, na sehemu ya mwisho aliiona.

"Ukimaliza naomba unifutie ubao," alisema.

Nyumbani, mama yake Mbona, fundi cherehani, alisikiliza habari yote bila kuinua mguu kwenye pedali. Alipomaliza pindo alilokuwa akilishona, aliomba apewe ile blauzi. Akaipeleka dirishani, akaivuta huku na huku, akainusa.

"Kitambaa hakina tatizo," alisema. "Nilijua tu. Hiki ni kitambaa kizito."

"Si kitambaa, mama. Ni mimi."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Kunakuwa na baridi?"

"Kidogo. Kama mtu ameacha mlango wazi."

"Haya, nami nione."

"Sijui kama kitakubali nje ya darasa," Mbona alisema, na kwa kuwa kweli hakujua, kifua kikakubali. Mama akasogeza kigoda. Alitazama kwa muda mrefu, sindano bado iko mdomoni, kisha akaitoa.

"Kumbe kimoyo chenyewe ndicho hiki," alisema. "Miezi tisa kilikuwa kwangu. Nilimwomba mkunga anisikilizishe, akasema kile chombo cha kusikilizia si cha kuchezea. Nikabaki kukisia tu." Akachomeka sindano kwenye kola yake. "Nilidhani ni kikubwa zaidi."

Wiki zilizofuata Mbona alizijua kanuni za jambo lenyewe. Siku ya mmeng'enyo ilionekana tumbo, siku ya figo akageuka, darasa likaangalia mgongoni. Lakini hakikufunguka kitu pale alipokuwa na jibu tayari. Siku moja Mkuu wa Shule, mama mnene mwenye haraka, alimwomba amwonyeshe ofisini ini lilipo. Mbona, aliyejua vizuri kabisa ini lilipo, alisema "sijui" kwa adabu, na blauzi ikabaki blauzi. Mkuu akasema basi, wakati mwingine.

Madaftari ya Kidato cha Pili B yalibadilika. Zamani kila ukurasa ulikuwa na kichwa cha somo, maelezo na mchoro. Sasa kulikuwa na mistari kama: "Chakula kikitoka tumboni hakiendi moja kwa moja, kinasubiri." Au: "Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili. Mwalimu naye hakujua, tumehesabu wote." Binti wa fundi baiskeli alijaza daftari la kwanza, akamwomba baba yake la pili. Baba aliuliza yule mwalimu anafundisha nini hasa. "Anafundisha kuangalia," alijibu, na fundi akaona ni kazi inayoeleweka, maana hata tairi lenye pancha hutafutwa hivyohivyo.

Wiki ya sita Mzee Nukuu alikuja kumtathmini. Alikuja na fomu yenye vipengele ishirini na viwili, akaketi nyuma, akachonga penseli. Somo lilikuwa marudio ya mzunguko wa damu. Mbona alisalimia darasa, akaandika tarehe, na mtu wa dawati la tatu akauliza kama moyo wa mtu anayeogopa unabadilika rangi au unabadilika mwendo tu.

"Sijui," Mbona alisema, na kifua kikawa angavu.

Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Kila mtu aliuona. Hapakuwa na namna ya kuuficha.

"Mwalimu, pumua," alisema msichana wa mbele. "Pumua polepole. Wote tutapumua na wewe."

Darasa zima likavuta pumzi na kuitoa, mara tano, na wakatazama mapigo yakishuka. Mwenye saa akatangaza: mia na ishirini, mia na nane, tisini na tano. "Mwendo tu," wakaandika. "Rangi ni ileile."

Mzee Nukuu alikuwa ameacha fomu kwenye dawati. Alitembea hadi mbele, wanafunzi wakampisha. Alikuwa amefundisha moyo kwa miaka thelathini na mmoja. Alibadilisha miwani, akavaa ile ya kusomea, akainama.

"Huu ni upi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vena kuu ya juu, mwalimu."

"Nimeichora sana hii." Akasogea zaidi. "Mbona..." alianza, kisha akafunga mdomo, kama mtu aliyevaa kofia ya mwenzake kwa bahati mbaya. Alibaki ameinama hadi mgongo ulipomuuma. Binti wa fundi baiskeli akamletea kiti.

Baadaye walikutana kwenye chumba cha walimu. Mzee Nukuu alikuwa amejaza fomu.

"Andalio lako linasema zana za kufundishia ni ubao na chaki," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Chaki hukuigusa. Kwa hiyo kipengele cha nane umekosa. Cha tisa, mwalimu aonyeshe umahiri wa somo. Umesema hujui mara nne, nimehesabu. Hapo nimekupa moja, ya ukweli." Akamsukumia fomu. Alama zilikuwa hamsini na mbili, ambazo zilitosha kufaulu na hazikutosha kusifiwa. "Somo lilikuwa zuri sana, binti yangu. Fomu haina pa kuandika hivyo."

"Mwalimu, na ile rangi?"

Mzee Nukuu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Nimewaandikisha bluu watu wangapi, sijui. Wengine sasa ni walimu wakuu."

"Tutarekebisha kitini?"

"Kitini hakitoki kwangu. Na mtihani wa Kidato cha Pili umeshachapishwa. Mwongozo wa kusahihisha nimeuona." Alimtazama. "Waambie waandike bluu. Usiwaponze watoto wa watu."

Mtihani huo ndio uliogawa wanafunzi, wengine mkondo wa sayansi, wengine mkondo wa sanaa, na ukishagawiwa umegawiwa. Mbona alilala akilifikiria jambo hilo, na asubuhi aliingia Kidato cha Pili B akaeleza bila kuzunguka. Alisema kuna uwezekano wa kuulizwa rangi ya damu ya kwenye vena. Alisema anayesahihisha atakuwa na karatasi, na karatasi hiyo inasema bluu.

Binti wa fundi baiskeli akasimama.

"Wewe mwalimu ungeandika nini?"

Mbona alitaka kusema bluu. Alitaka pia kusema nyekundu. Alipekua ndani yake akitafuta lipi kati ya hayo mawili ni la kweli zaidi kumwambia mtoto mwenye mtihani, na hakulipata.

"Sijui," alisema.

Kifua kikafunguka, na kila kitu kilikuwa pale pale, chekundu, kikiendelea.

Swali la saba lilikuwa hilo. Taja rangi ya damu iliyomo kwenye vena, na ueleze sababu, alama kumi. Wanafunzi tisa waliandika bluu, saba kati yao wakiwa wale waliokuwa watoro siku ile ya Jumanne. Hamsini na wawili waliandika kwamba ni nyekundu iliyokoza kwa sababu imepungukiwa na oksijeni. Wengi waliongeza sentensi fupi: tuliiona.

Karatasi zilisahihishwa kwenye bwalo la chuo, na kiongozi wa jopo la baiolojia alikuwa Mzee Nukuu. Alizisoma zote hamsini na mbili kabla ya kuweka alama yoyote. Kisha akaenda kupiga simu ofisi ya mitihani. Sauti ya kijana mstaarabu ikamwambia kwamba mwongozo ukibadilishwa kwa shule moja, shule nyingine zitalalamika, na ukibadilishwa kwa shule zote, itabidi ijulikane nani aliukosea.

"Lakini jibu lao ni sahihi," Mzee Nukuu alisema.

"Mzee, hamsini na wawili wamejibu kwa namna moja. Huo si udanganyifu? Wameupata wapi?"

"Waliona."

"Waliona wapi?"

Mzee Nukuu alikuwa mtu mkweli. "Kwa mwalimu wao," alisema.

Ikaandikwa kwamba wanafunzi walitazamia kwa mwalimu. Swali la saba likafutwa kwa wote hamsini na wawili, bila adhabu nyingine, kwa kuzingatia umri wao. Mzee Nukuu alirudi kwenye kiti chake, akaandika sifuri hamsini na mbili kwa mwandiko mzuri, zote zikiwa za duara kamili. Hakunywa chai siku hiyo.

Wanafunzi kumi na wanane walikosa mkondo wa sayansi kwa alama chini ya kumi. Binti wa fundi baiskeli alikosa kwa nne. Baba yake alifunga karakana nusu siku, akavaa shati la mikono mirefu, akaenda kwa Mkuu wa Shule na madaftari mawili ya bintiye kwapani. Mkuu aliyasoma, akasema hajawahi kuona kazi nzuri kiasi hicho, akamwonyesha orodha iliyobandikwa ukutani. Fundi aliiangalia orodha namna anavyoangalia fremu iliyopinda pabaya.

"Hainyooshwi?" aliuliza.

"Imeshapigwa muhuri," Mkuu alisema, na kwa sauti yake ilionekana kwamba naye angependa isingepigwa.

Mbona alihitimu. Mkuu wa Shule aliomba aletwe palepale, akaletwa. Muhula huohuo shule iliandika kuomba mifano ya viungo vya mwili na darubini moja, na jibu lilikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa: kwa kuwa shule tayari ina mwalimu anayeonekana ndani, inahesabiwa kuwa inajitosheleza. Walimu wa shule jirani walianza kuleta madarasa yao siku za Alhamisi. Walipanga foleni nje, waliingia kwa makundi, walitazama, walishukuru. Kisha waliketi chini ya ukuta wa nje na kupaka rangi michoro yao, upande mmoja nyekundu na mwingine bluu, kwa sababu walimu wao waliogopa wasije wakaponzwa.

Mzee Nukuu alifuta neno moja kwenye daftari lake na kuandika jingine juu yake kwa penseli. Aliwasomea wanachuo wapya: nyekundu iliyokoza. Kalamu zilipotulia, aliongeza, "Mtihanini andikeni bluu." Mkono mmoja ukanyooshwa nyuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja hakusema andika. Alisema, "Uliza," lakini mwenye mkono alikuwa anaomba kwenda msalani.

Binti wa fundi baiskeli aliingia mkondo wa sanaa. Alipewa vitabu vya historia, jiografia na ushairi, naye hakuwa mtu wa kununa. Wiki ya tatu mwalimu wa historia, mzee mpole mwenye tai, alikuwa akieleza namna falme za kale zilivyoanguka, akamuuliza yeye: watu wa kawaida, wale waliokuwa wakilima wakati wafalme wanapigana, walifikiria nini?

Alifikiri. Hakuna kitabu kilichokuwa kimesema.

"Sijui, mwalimu," alisema.

Mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya dawati, ukawa angavu kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha zenye grisi. Mifupa miwili ilionekana imelala sambamba, na kando yake mishipa, ile ya kwenda na ile ya kurudi, kila mmoja na wekundu wake. Mwalimu wa historia alisogea, akatazama, akarekebisha tai.

"Hiki si kipindi cha baiolojia," alisema bila ukali. "Vaa sweta."

Akavaa. Mwalimu akageukia ubao kuandika miaka ya vita. Msichana aliyeketi naye alimnong'oneza amwonyeshe, kidogo tu, naye akakunja mkono wa sweta juu ya kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili, wakainamisha vichwa pamoja wakaangalia.